Miguu ya Baba na Kikombe cha Baraka

Kila alasiri akitoka shule, Meselu alikuwa na kazi moja kabla ya nyingine zote: kumzungushia baba yake uzi. Alivua viatu mlangoni, akamega kipande cha mkate wa kocho, akaketi kwenye kigoda kando ya mtambo wa kufumia na kuanza kuuviringisha uzi wa pamba kwenye vijiti. Baba yake, Anjulo, alikuwa shimoni. Wafumaji wa mtaa wa Shiro Meda hukaa ukingoni mwa shimo, miguu chini kwenye pedali, nguo mbele ya kifua. Ukiingia ghafla unaona nusu mtu. Lakini hiyo nusu iliyofichika ndiyo iliyokuwa ikichapa kazi: kushoto, kulia, kushoto, kulia, na nguo inakua kidogo kidogo.

"Meselu, lete uzi mwekundu."

"Huu hapa, Baba."

"Huu ni wekundu wa nyanya. Mimi nataka wekundu wa harusi."

"Baba, wekundu si wekundu tu?"

"Ndiyo maana kazi yako ni kuzungusha, na yangu ni kufuma," Baba alisema, na wote wawili wakacheka.

Mchana Anjulo alikuwa mtu wa utani, na mashuka yake meupe yenye taraza za rangi yalipendwa mpaka sokoni. Miguu yake ilimtii. Balaa lilianza jua likielekea kuzama nyuma ya mikaratusi ya mlimani, alipotoka shimoni, akanawa na kuketi kwenye benchi.

Nyumba yao ilikuwa na benchi moja tu, na Meselu alifanyia hesabu zake kwenye ncha ya benchi hilo hilo. Kwanza mguu wa kulia wa Baba ulicheza kidogo. Kisha wa kushoto. Kisha benchi zima likatikisika, na saba aliyokuwa akiiandika Meselu ikatoka na mkia hadi ukingoni mwa ukurasa.

"Baba, jamani! Mwalimu atadhani nimeandikia ndani ya lori!"

"Samahani, mwanangu." Baba alikunja mguu, akaunyosha, akasugua shavu la mguu, akainuka, akatembea hadi mlangoni na kurudi. "Ni kama wadudu wanatambaa. Si juu ya ngozi, ni ndani kabisa. Nikitembea wanatulia. Nikikaa tu, hao, wamerudi."

"Ni hizo pedali," alisema Mama Dinke kutoka jikoni. "Umezikanyaga tangu utoto, sasa zimekuingia miguuni. Kaa upumzike, mume wangu."

Majirani nao walisema hivyo hivyo. Basi Anjulo akakaa ili apumzike, na kadiri alivyozidi kukaa ndivyo miguu ilivyozidi kumfanyia wazimu. Usingizi ukawa wa kuokoteza. Asubuhi aliamka mchovu, na ili auondoe uchovu akanywa kahawa. Mama alichemsha kahawa asubuhi, akachemsha baada ya chakula cha mchana, akachemsha tena baada ya chakula cha jioni, nzito, yenye chumvi kidogo kama walivyoizoea wazee wa kijijini kwao. Sukari Anjulo hakuigusa.

Sababu yake ilikuwa siri ya nyumba. Anjulo alikuwa na kisukari. Zamani alikuwa akihudhuria kituo cha afya kama alivyoagizwa, lakini tangu dada mkubwa wa Meselu, Zenebech, apate mchumba aitwaye Petros, hakukanyaga tena huko. Vidonge vyake alivinunua duka la dawa la mtaa wa mbali, asikojulikana, akavificha ndani ya gunia la pamba.

"Kwa nini tusiseme?" Meselu aliwahi kumuuliza.

"Kwa sababu wazee wa Petros watakapokuja kumposa dada yako, wataulizia ukoo wetu mpaka kwa mababu. Wakisikia sukari, watasema hapa pana ugonjwa, twendeni zetu. Ukimwambia mtu, Meselu, umemvunjia dada yako nyumba. Umesikia?"

"Nimesikia."

Huo ulikuwa mzigo mkubwa kwa msichana wa miaka kumi na miwili, lakini nani aliuliza?

Wazee walikuja Jumapili jioni, watatu. Kiongozi wao alikuwa Mzee Wolde, mwenye masharubu meupe na fimbo nyeusi. Mwenzake mmoja alikuwa mnene na mwingine mwembamba, na wote walivaa mashuka masafi kama waendao kanisani. Mama alikuwa ametandaza majani mabichi sakafuni na kufukiza ubani. Zenebech alikaanga kahawa mbele yao, akaitwanga, akaitia katika birika la udongo lenye shingo ndefu.

Kwa watu hawa kahawa haina haraka. Kikombe cha kwanza ni cha salamu, cha pili ni cha mazungumzo, na cha tatu ndicho cha baraka. Neno la posa hutolewa kati ya cha pili na cha tatu. Mtu akiondoka kabla ya cha tatu, amewaambia wenzake kwamba hataki chochote kutoka kwao, na hakuna haja ya kuongeza neno.

Vikombe viwili vya kwanza vilipita salama. Meselu, aliyekuwa akipitisha bakuli la bisi, alikuwa akitazama magoti ya baba yake tu. *Tulieni,* aliyaomba moyoni. *Leo tu. Kesho chezeni mtakavyo.*

Mzee Wolde alikohoa. "Bwana Anjulo, tumekuja kwa jambo la heri. Katika nyumba hii tumesikia kuna binti..."

Goti la kulia likaruka. Baba akalikandamiza kwa mkono. Goti la kushoto likaanza. Benchi likatikisika, na kikombe cha yule mzee mnene kikagonga kisahani, ti-ti-ti-ti.

"...binti mwenye adabu, aliyelelewa na..."

Baba akasimama wima. "Endelea tu, mzee, nakusikiliza," akasema, akatembea hadi mlangoni.

Mzee Wolde akanyamaza. "Nimekukera?"

"Hapana! Hapana kabisa." Baba akarudi, akaketi, akabana miguu yake chini ya benchi. Jasho lilimtoka. Mzee Wolde akaanza upya toka mwanzo, polepole, kwa sauti ya mtu anayejizuia. Hakufika mbali. Baba aliinuka tena, akaketi, akainuka. Zenebech alipokuwa akimimina kikombe cha tatu, kile cha baraka, Baba akashindwa kabisa, akatoka nje. Wote waliobaki ndani wakasikia vishindo vyake uani: du, du, du, kama mtu anayeshindilia udongo.

Mzee Wolde alikitazama kikombe chake kilichojaa, akakiweka chini bila kukionja.

"Mwenye nyumba ametujibu kwa miguu," alisema. "Tumeelewa."

"Wazee wangu, msiondoke!" Mama alilia. "Ana... tumbo. Tumbo linamsumbua!"

"Tumbo halitwangi uwanja, mama."

Meselu alifungua mdomo. Jibu lilikuwa ulimini, fupi kabisa. Lakini macho ya Mama yalimkata, akaufunga. Wazee wakachukua fimbo zao, wakaondoka mmoja baada ya mwingine, na vikombe vitatu vikabaki sakafuni vikipoa.

Baba aliporudi ndani, Zenebech alikuwa bado amepiga magoti mbele ya birika.

"Kukaa tu, Baba!" alipasuka. "Sikukuomba mali. Sikukuomba ng'ombe. Kukaa tu! Hata mbuzi anajua kukaa!"

Hakuna aliyewahi kumsemesha Anjulo namna ile ndani ya nyumba yake. Aliketi, mikono miwili juu ya magoti, na magoti yakaendelea kuruka chini ya mikono kana kwamba si yake.

Habari katika mtaa wa wafumaji hazihitaji miguu ya kutembelea. Asubuhi ya pili yake, kwenye foleni ya maji, Asegedech wa nyumba ya tatu alimpokea Meselu kwa kutwanga ardhi kwa visigino. "Baba yako amefungua kikundi cha ngoma? Mnatoza kiingilio?" Wasichana wote wakaangua kicheko.

"Ni pedali," Meselu alisema, uso ukimwaka.

"Na baba yangu hafumi? Mbona anakaa?"

Meselu alikuwa na jibu. Lakini hakuruhusiwa kulitoa. Alibeba ndoo yake nyumbani akimwaga nusu njiani kwa hasira. Jioni Petros mwenyewe alifika mlangoni, kofia mkononi, akamwambia Zenebech kwamba Mzee Wolde ameapa harudi kwenye nyumba aliyofukuzwa, na kwamba mama yake ameanza kumtajia binti wa mtaa mwingine.

"Na wewe umesemaje?" aliuliza Zenebech.

"Mimi nimesema nakutaka wewe. Lakini unamjua mama yangu. Tafadhali, zungumza na baba yako. Kama ana neno na sisi, aliseme."

Zenebech hakukaa akilia. Alipanga. Siku iliyofuata alasiri aliingia na mkanda mrefu wa pamba, ule wa kufungia nyuzi za mtambo, akamsimamisha baba yake katikati ya chumba.

"Tutawaomba wazee warudi," alisema, "na safari hii tutakufunga."

"Kunifunga?"

"Miguu, kwenye benchi. Shuka litafunika, hawataona. Lakini kwanza tujaribu. Meselu, wewe ni Mzee Wolde."

Ukiangalia kwa mbali ungecheka. Baba alifungwa vifundo vya miguu kwenye mguu wa benchi, shuka jeupe likamfunika hadi chini. Meselu alipewa mchi awe na fimbo. Mama aliweka kahawa ya kweli, maana Zenebech alisema majaribio bila kahawa si majaribio. Wakangoja jioni iingie.

"Ehem," alisema Meselu kwa sauti nzito. "Bwana Anjulo. Tumekuja kwa jambo la heri."

"Karibuni, mzee," alisema Baba, akijitahidi kutabasamu.

"Katika nyumba hii tumesikia kuna binti mwenye adabu, ingawa ananuna kama..."

"Meselu!" alifoka Zenebech.

"Sawa. Binti mwenye adabu."

Vikombe viwili vilipita. Kisha Meselu akaona shuka likitikisika. Baba aliuma meno. Mishipa ya shingo ikamtoka. "Endelea," alinong'ona. "Endelea, mzee." Meselu akaendelea, lakini sauti nzito ilimpotea, akabaki na sauti yake mwenyewe, nyembamba. Baba alianza kutikisa kiwiliwili kizima, huku na huko, kama mtu aliyekwama matopeni.

"Nifungueni," alisema. "Nifungueni! Nifungueni nasema!"

Kabla hawajamfikia alisimama kwa nguvu na benchi likaja naye. Alianguka kifudifudi. Benchi lilipiga birika la udongo, birika likapasuka, na kahawa ikatapakaa hadi kwenye nguo ya harusi ya Zenebech, ambayo Baba alikuwa bado akiifuma mtamboni. Doa jeusi likakaa juu ya weupe na kuanza kuenea.

Kila mtu alipiga kelele kwa wakati mmoja. Mama alilia kwa ajili ya birika, Zenebech kwa ajili ya nguo, Baba alikuwa chini akihangaika na fundo. Meselu alitupa mchi.

"Nimechoka!" alisema. "Nimechoka na pedali, nimechoka na tumbo, nimechoka na kila mtu kuniambia nifunge mdomo! Baba anaumwa! Mtu akiumwa anapelekwa kwa daktari, hafungwi kama mbuzi wa sikukuu!"

"Nyamaza," alisema Mama. "Hayo ni ya wakubwa."

Alinyamaza. Lakini kesho yake, kengele ya shule ilipolia, miguu yake mwenyewe haikushika njia ya nyumbani. Ilikwenda kituo cha afya.

Sista Hirut alikuwa muuguzi wa watu wenye kisukari, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufokea hata anapotania. Alimkuta Meselu amesimama mlangoni, hajui aingie au akimbie.

"Umepotea au unaumwa?"

"Baba yangu ni Anjulo mfumaji," alisema Meselu, kisha habari za miguu, posa na benchi zikamtoka kwa mkupuo mmoja, hata birika. Alipomaliza alianza kulia. "Nimeahidi nisiseme. Sasa Dada hataolewa."

"Anjulo! Nilidhani amehama mji." Sista alimpa kiti. "Ngoja nikuulize. Hiyo miguu humshika jioni zaidi kuliko asubuhi?"

"Ndiyo."

"Humshika akikaa au akilala, na humwacha akitembea. Anasema kuna kitu kinatambaa ndani, si juu. Akisuguliwa anapata nafuu kidogo."

Meselu aliacha kulia. "Nani amekwambia?"

"Hakuna aliyeniambia. Wagonjwa wangu kadhaa wanayo. Ni maradhi, binti, yanaitwa miguu isiyotulia, na wenye kisukari huyapata zaidi kuliko wengine. Kamlete baba yako. Mimi sitamtangazia mtu. Na wewe acha kujilaumu. Hukwenda kupiga umbea kisimani, umekuja kwa anayeweza kusaidia."

Kurudi nyumbani ndiko kulikokuwa kugumu. Meselu alimkuta Baba shimoni, akijaribu kulificha lile doa ndani ya taraza pana. Hakuzunguka. "Baba, nimemwambia Sista Hirut."

Pedali zikasimama. Baba aliinua uso, na hasira iliyokuwa humo Meselu hakuwahi kuiona.

"Nilikwambia nini? Nilikwambia nini, Meselu?"

"Uliniambia nisiseme. Lakini, Baba, alijua! Alijua wadudu wanatambaa ndani na si juu. Alijua ukitembea wanatulia. Sikumwambia hayo, aliyasema mwenyewe!"

"Alisema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Alisema yana jina."

Kwa miezi yote hiyo Anjulo alikuwa amewaza kwamba labda ni laana, labda ni wazimu unaoanzia miguuni. Alikuwa hajamwambia mtu hilo, hata mkewe.

"Jina," alisema. Akatoka shimoni, akaenda kutafuta koti lake.

Kituoni Sista Hirut alimfokea kwanza, kwa kutoroka, ndipo akamtibu. Alimvua soksi, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu mwembamba, akimtaka afumbe macho na aseme "ndiyo" kila anapousikia.

"Ndiyo," alisema Anjulo. "Ndiyo. Huu ni uzi wa nailoni. Ndiyo."

"Sikukuuliza ni uzi gani!"

Damu ilichukuliwa, ikapimwa sukari, figo na madini ya chuma. Majibu yalipotoka, sukari ilikuwa juu, figo zilikuwa salama, na chuma kilikuwa kimepungua sana.

"Chuma kikipungua, hiyo miguu hupata kichaa," alisema Sista. "Unakula nini?"

"Injera. Dengu. Mboga. Mfungo ukiwadia sili nyama, kama kila mtu."

"Chakula hicho kina chuma cha kutosha. Na baada ya kula unafanya nini?"

"Nakunywa kahawa," alisema Anjulo, kisha akaongeza kwa fahari, "lakini siweki sukari hata chembe! Naweka chumvi."

Sista Hirut alijishika kichwa. "Sukari umeacha, vizuri, ingawa hata chumvi ipunguze. Lakini kahawa yenyewe, bwana! Ukiinywa juu ya chakula inakizuia chuma kisiingie mwilini. Unakula kwa mkono mmoja na kujinyang'anya kwa mwingine. Halafu ile ya jioni inaichokoza miguu saa ile ile inapotaka kuanza, na usingizi inaufukuza."

"Kwa hiyo si pedali?"

"Pedali? Pedali ndizo zilizokuwa zikikusaidia! Miguu hii inataka mwendo. Mmekuwa mkiituhumu dawa na kuinywa sumu."

Mama Dinke, aliyekuja naye, aliinamisha kichwa. Meselu alitaka kusema "si nilisema," akajizuia.

Daktari aliandika vidonge vya chuma, na Sista akaonya visinunuliwe kiholela, kwa kuwa chuma kikizidi nacho ni hatari. Kahawa iwe asubuhi tu, mbali na chakula. Jioni atembee, asuguliwe miguu, aioshe kwa maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto, maana mwenye kisukari anaweza kuungua asijue. Na kliniki asikose tena.

"Nitapona lini?" aliuliza Anjulo.

"Nafuu huja polepole, kwa wiki na miezi. Siwezi kukudanganya."

"Miezi! Na posa ya binti yangu?"

"Posa inahusu nini? Petros anamuoa Zenebech au anaoa miguu yako? Waambie wazee ukweli."

Baba wa msichana haendi kwa wazee wa mvulana. Hilo halifanyiki. Wao ndio huja, na yeye ndiye hungoja akiwa ameketi. Lakini kesho yake mchana Anjulo alivaa shuka lake jeupe, akamshika Meselu mkono, akapanda njia ya mawe hadi lango la Mzee Wolde. Watu walichungulia madirishani. Asegedech alitaka kutwanga visigino, alipoona uso wa Anjulo akaacha.

Mzee Wolde alifungua lango, hakuwakaribisha ndani.

"Mzee wangu," alisema Anjulo, "ile siku sikuwajibu kwa miguu. Nina kisukari. Nina pia maradhi ya miguu isiyotulia. Nikikaa jioni siwezi kutulia, hata ungeniwekea mkuki. Niliwaficha kwa sababu niliogopa mtamkataa mwanangu."

"Sukari," alisema Mzee Wolde.

"Sukari."

"Na ukatuacha tuondoke kama mbwa waliofukuzwa jikoni?"

"Niliona aibu."

"Aibu!" Mzee aligonga fimbo chini. "Mimi tangu siku ile chakula hakipiti, nawaza nimemkosea nini Anjulo, shuka ninalovaa sikukuu alilifuma yeye! Ungesema! Neno moja tu! Na huyu mtoto naye alikuwa anajua?"

"Alijua. Nilimziba mdomo."

Mzee Wolde alimtazama Meselu kwa muda. Alikuwa bado amekasirika, na hakuficha. "Sitaki kusema mengi," alisema mwishoni. "Nitakuja. Lakini kahawa iwe nzuri."

Walikuja tena wote watatu, alasiri, jua likiwa bado juu, maana Mzee Wolde ndiye aliyeamua saa. Birika lilikuwa jipya. Anjulo alishika kikombe cha maji ya uvuguvugu, na hakuna aliyeuliza.

"Mama yake Petros," Mzee Wolde alianza, "aliniuliza kama sukari inaambukiza. Nikamwambia haiambukizi. Akauliza, je, Zenebech ataipata? Nikamwambia, mwanao mwenyewe anaweza kuipata, kwa soda anazokunywa. Akanyamaza. Ametutuma tuombe upya."

Zenebech alijifunika uso kwa shuka, mabega yakamcheza. Cha kwanza kikapita, cha pili kikapita, na posa ikaombwa kwa maneno yake yote. Anjulo alijibu kwamba ameridhika. Lakini mazungumzo yalikuwa marefu, jua likashuka, na Zenebech alipoinua birika kumimina cha tatu, Meselu aliona goti la kulia likiruka.

Baba hakulikandamiza. "Wazee wangu, imenishika," alisema. "Niwieni radhi." Akasimama.

Meselu alishika bakuli la bisi kwa nguvu. Mzee Wolde alikitazama kikombe chake kilichojaa, kama siku ile. Kisha akakiinua, akajisukuma kwa fimbo, akasimama naye.

"Cha baraka kinywewe pamoja," alisema. "Sijasikia popote kwamba kinywewe kwenye benchi. Haya, tutoke."

Wakatoka wote. Mzee mnene, mzee mwembamba, Mama, Zenebech na birika lake, wakaanza kuzunguka ua nyuma ya Anjulo, vikombe mkononi, wakimwagia kuku matone. Majirani walikuja kwenye ua kuchungulia, na mmoja akauliza kama ni kanisa jipya. Mzee Wolde alimwambia aache maneno, alete kikombe chake.

Baba alipunguza mwendo hadi akawa sambamba na Meselu.

"Nilidhani naficha ugonjwa ili nimlinde dada yako," alisema. "Kumbe ugonjwa uliofichwa ndio uliotaka kumharibia, na mimi nikakufundisha uongo kwa mkono wangu. Mtu akiumwa, mwanangu, aseme kwa anayeweza kumtibu, na watu wa nyumbani mwake wasimzibe mdomo. Hata kama anayesema ni mdogo. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Baba. Lakini hesabu zangu?"

"Zina nini?"

"Bado utatikisa benchi."

"Kwa muda, ndiyo. Sista alisema miezi."

Meselu alifikiri kidogo, wakamaliza mzunguko mwingine. Kisha alikwenda ndani, akachukua daftari lake, akakaa na hesabu zake kwenye ukingo wa shimo la mtambo, ambapo hakuna kilichokuwa kikitikisika.